Kuku wa Mkaguzi wa Paa

Rangi ndiyo iliyomtia Kasereka wasiwasi. Plafoni ya sebule, ile dari ya chini ya paa, ilikuwa nyeupe kupita kiasi, nyeupe ya juzi, na harufu yake ilikuwa bado imeshika mapazia. Kuta zilikuwa za zamani, zimechubuka pale migongo ya viti iliposuguana nazo miaka na miaka. Milango ilikuwa ya zamani, sakafu ya zamani, hata kalenda ukutani ilikuwa ya mwaka uliopita. Lakini plafoni, chumba kwa chumba, iling'aa kama shati la mtoto siku ya ubatizo.

"Muntu anauzisha nyumba yake anaenda," alimnong'oneza mkewe. "Sasa anapaka plafo rangi ya nini?"

Émerance hakuwa tena kando yake. Alikuwa ametoka uani na kusimama mbele ya bomba la maji. Alilifungua, maji yakatoka, akalifunga. Akalifungua tena. Kwa miaka sita walikuwa wamepanga nyuma ya nyumba ya mtu, hapa hapa Bel-Air, wilaya ya Kampemba, na kwa miaka sita kila alipofika kwenye ndoo ya tatu mama mwenye nyumba alitokea mlangoni na kumuuliza kama anafua nguo za mtaa mzima. Bomba hili halikuwa na mtu wa kulisimamia. Lilikuwa na nyasi kidogo chini yake na kuku watatu waliokuja kunywa.

"Papa Kasereka, usilalie hii nyumba," alisema Précieux, komisioneri aliyewaleta, dalali wa nyumba, mwanamume wa simu mbili na kola iliyopigwa pasi mno. "Muzee Kapya anarudia kwabo Kilwa. Anataka kuuzisha mbio. Na kuko papa moja wa Kolwezi, anakuya siku ya posho, Jumamosi hii, na makuta yote mukononi."

Kasereka alicheka kwa pua. "Bakomisioneri bote bako na papa wa Kolwezi. Ule papa atachoka siku moja. Kila nyumba ya Lubumbashi anataka kununua."

"Papa, naapa."

"Usiape. Leo ni siku ya pili, Jumanne. Siku ya posho tutamuona."

Kasereka alikuwa mtu wa Butembo, muuza maharagwe na mafuta ya mawese kwa jumla, na miaka kumi na moja ya depo ilikuwa imemfundisha kutia mkono hadi chini ya gunia kabla ya kulipa, kwa sababu juu huwekwa maharagwe mazuri. Nyumba aliitazama kwa jicho lilelile. Ni nani aliyekuwa ameitia maharagwe mazuri juu? Bei ilikuwa dola elfu ishirini na sita. Si ghali. Hilo nalo lilimkera: kwa nini si ghali? Mwishoni mwa Septemba mwenye nyumba wao alitaka vyumba vyake virudi, mwanawe anaoa. Zilibaki wiki tatu. Mvua nayo ingekuja Oktoba, na nyumba inayouzwa kiangazi ni nyumba ambayo haijaulizwa swali lake la kweli.

"Tuite muntu apande kule yulu," Émerance alisema, akirudi na mikono iliyolowa. "Mwenye kujua mapaa. Akisema iko muzuri, tunalipa. Akisema iko mubaya, tunaenda. Lakini tuache kukaa hapa na kuangalia rangi."

* * *

Mtu huyo aliitwa Godefroid Kunda. Alikuwa seremala wa mapaa kwa miaka thelathini, katika nyumba za wafanyakazi wa migodi, na sasa magoti yake yalikuwa yamekataa kazi nzito. Hakutengeneza tena, alikagua tu. Watu wa Kampemba walimwita kabla ya kununua, kama wengine wanavyomwita daktari kabla ya kuoa. Alikuja depo Jumatano, akaketi juu ya gunia bila kukaribishwa, akataja masharti yake.

"Dola makumi sita. Unalipa mbele."

"Mbele ya kazi?"

"Mbele. Muntu mwenye banalipa nyuma, anashuka na maneno ile mwenye kulipa anapenda. Miye nikishapokea, sina tena cha kukuogopea."

Kasereka hakuwahi kusikia mwizi akijieleza vizuri hivyo. Lakini alihesabu noti, kwa kuwa Émerance alikuwa amesimama pale.

"Ya pili," Kunda alisema. "Napanda saa sita, jua ikiwa katikati. Munafunga milango na madirisha yote. Miye naingia kule ndani, yulu ya plafo, nabakia mu giza. Kama kuko katundu, hata ka sindano, jua itanionyesha. Ya tatu: mwenye kununua anapanda na miye."

"Sasa kama napanda miye mwenyewe, makumi sita ni ya nini?"

"Ya ngazi na ya kuelezewa. Macho yako haitakulipisha kitu."

Mzee akatia noti mfukoni, akasimama, akajipangusa vumbi la maharagwe matakoni. Kasereka alimsindikiza kwa macho hadi barabarani.

"Anajua kusema sana," alimwambia mkewe.

"Ata weye."

* * *

Siku ya Alhamisi, saa tano na nusu, Kunda alifika kwa Mzee Kapya akivuta ngazi yake juu ya mkokoteni. Kapya, mwuguzi mstaafu, mjane, alikuwa ameketi barazani na redio magotini. Alipomwona alizima redio.

"Ah, ni weye," alisema. "Nilizani umekufa."

"Nife mbele yako? Nani atakuzika, uyoga ya kuoza?"

"Mwizi."

"Mwizi ni baba yako. Nimekuya kukupima urefu. Sanduku nitakutengenezea fupi, miguu ibakie inje, bambwa bailambe."

Hakuna aliyetabasamu. Kapya alimtazama Kunda kama mtu anayetazama deni, Kunda naye akatema mate kando ya maua ya mwenye nyumba. Précieux aliangalia simu yake. Kasereka alimvuta mkewe kando.

"Banajuana," alimwambia Émerance kwa sauti ya chini.

"Bazee ba Kampemba bote banajuana."

"Hapana. Ao banachukiana, ao banacheza teatre. Kama banachukiana, atasema nyumba ni mubaya. Kama ni teatre, atasema ni muzuri. Sasa miye nisikie nini?"

"Panda naye. Hapo njo utasikia."

Ngazi ilisimikwa kwenye korido, chini ya kilango cha mbao kilichoelekea darini. Kunda alifunga kitambaa puani na mdomoni, akapanda hatua tatu, akageuka. "Papa, kuya."

Kasereka alitazama juu. Kilango kilipofunguliwa, vumbi la miaka lilishuka, likafuatwa na vinyesi vikavu vya panya. Alikuwa amevaa shati jeupe. Kutoka hapa alikuwa aende benki. Kapya alikuwa anamwangalia. Précieux alikuwa anamwangalia. Alijiona mwenyewe akitambaa kama panya mbele ya muuzaji, makalio nje, na muuzaji akicheka.

"Nilikulipa," alisema. "Fanya kazi yako."

Kunda alipandisha mabega, akaingia peke yake.

Wakafunga kila kitu. Sebule ikawa nyeusi, joto likapanda. Wanne walikaa wakisikia magoti ya mzee yakisogea juu yao, boriti hadi boriti, na mara kwa mara nyundo ndogo ikigonga mbao: to, to, to. Ghafla Kapya alichukua fagio akagonga plafoni yake mpya.

"Weye mwizi! Usiibe misumari yangu!"

"Nimeshaiiba!" ilijibu sauti kutoka juu.

Émerance alicheka gizani. Kasereka alimkanyaga mguu.

Nusu saa baadaye Kunda alishuka, mweupe kwa vumbi hadi kope.

"Giza tupu," alisema.

"Namna gani, giza tupu?"

"Sikuona kitu. Hakuna katundu hata kamoja. Mbao ni ya zamani, kavu, ile hatuipate tena mu soko. Muchwa hakuna. Alama ya maji hakuna. Eterniti yenyewe, hii vigae ya simenti, imezeeka, lakini inaweza kukaa miaka makumi mbili ingine. Kitu kimoja tu: muntu asitembee yulu yake. Hii si manjanja, si bati. Inakuwa kama sahani, ukiikanyaga, inavunjika. Kama unataka kuangalia, pitia ndani." Alijifuta uso kwa kile kitambaa. "Nunua."

Kasereka alikuwa amelipa dola sitini ili mtu aende kuangalia giza, na mtu huyo amerudi na habari za giza. Ndipo alipoona.

Kunda, badala ya kufunga ngazi yake na kwenda, alizunguka uani. Wakasikia purukushani, mabawa, laana. Akarudi na kuku wa kahawia mwenye shingo tupu, amemshika miguu. Akamfunga kwa kamba ya ngazi, kichwa chini, akauvuta mkokoteni hadi kwenye geti.

"Mwizi!" alipiga kelele Kapya barazani, bila kuinuka kwenye kiti chake. "Mwizi! Shikeni mwizi!"

Hakuna aliyemshika. Kunda hakugeuka. Kapya aliwasha redio.

* * *

"Kuku," alisema Kasereka.

Walikuwa wanakula, katika chumba chao cha kupanga. Ilikuwa mara ya nne anasema neno hilo tangu mchana.

"Nimeona kuku," alisema Émerance.

"Nilimupatia makumi sita. Mwenye nyumba akaongeza kuku. Njo bei yangu, Émerance. Kuku moja ya shingo wazi."

"Kama ni rushwa, angeibeba mbele ya macho yako?"

"Njo akili yabo. Wanakuonyesha, na weye unasema: hapana, mwizi hawezi kuonyesha."

"Basi kama angeificha ungesema ameficha, na kama anaonyesha unasema ameonyesha. Ule muzee angefanya nini ili umuamini?"

Kabla hajajibu, mlango ulisukumwa bila kubishwa. Alikuwa mtoto wa mwenye nyumba wao, yule anayeoa, na kipimo cha chuma mkononi. Alisema "bon appétit" akipita. Aliweka ncha ya kipimo kwenye ukuta nyuma ya kiti cha Kasereka, akaomba asogee kidogo, akavuta hadi ukuta wa pili, juu ya meza, juu ya sahani ya ugali.

"Kitanda kitaingia," alisema, akiwa anaongea na kipimo chake, akatoka.

Ugali ulibaki na mstari mwembamba wa kutu. Émerance aliutoa kwa kisu, akautupa.

"Tununue ile nyumba, Séverin," alisema polepole. "Kesho."

Alimwita kwa jina lake la kwanza mara chache sana. Hapo Kasereka, badala ya kumsikia, alimtazama kama alivyozoea kutazama gunia.

"Précieux alikuahidia nini?"

Émerance alikuwa ameshika sufuria. Aliiweka chini taratibu, kama kitu kinachoweza kumwagika, ingawa ilikuwa tupu. Usiku huo alilala amegeukia ukuta.

* * *

Paulin alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Kasereka. Alikuwa na lori mbili na alikuwa amejenga nyumba tatu Butembo, na kwa sababu hiyo hakuna nyumba duniani aliyoona haja ya kuulizia. Wiki hiyo lori lake moja lilikuwa linashusha mzigo depo, na Ijumaa alikuja Bel-Air akiwa na viatu vizito vya safari.

"Yaya, mukubwa wangu, ungeniita tangu mwanzo," alisema. "Unalipa bantu ba hapa, bantu ba hapa banakula pamoja na benzabo. Miye ni damu yako. Nitakuambia kweli bure."

Mzee Kapya hakuwepo. Alikuwa ameenda kutafuta nafasi katika lori la Kilwa. Précieux aliwafungulia geti shingo upande. Émerance alikuja nao kwa kuwa hakutaka kubaki nyumbani na yule mwenye kipimo.

Paulin alitazama kilango cha darini, akakidharau. "Ndani ni kufanya nini? Kwetu tunapanda yulu, tunatembea. Paa unaisikia kwa miguu."

"Muzee alisema tusiikanyage," Émerance alisema. "Alisema inavunjika kama sahani."

Kasereka alikumbuka maneno hayo. Yalikuwa yamemkaa tangu jana kama mfupa wa samaki. Sasa yaligeuka, akaona upande wake wa pili: mtu mwenye la kuficha juu ya paa angesema nini kingine? Angesema: usipande. Ilikuwa wazi. Ilikuwa wazi hata akashangaa kwamba jana hakuiona.

"Panda," alimwambia Paulin.

Paulin alipanda kupitia ukuta wa jirani, akasimama juu ya paa, mikono kiunoni, kama mtu anayekagua shamba lake. Alipiga hatua ya kwanza. Ikasikika *ka*, kavu na fupi. "Hii ni uchafu tu," alisema, akapiga ya pili. *Ka.* Kwa hatua ya tatu hakusema kitu. Paa lilimfungukia chini ya mguu, na Émerance, aliyekuwa sebuleni, aliona plafoni nyeupe ikipasuka na kiatu kikubwa cha kahawia kikiingia, kikifuatwa na soksi, kikifuatwa na goti lenye damu. Mguu ulining'inia pale juu ya meza ya Mzee Kapya ukitafuta pa kukanyaga.

Walikuwa bado wanamchomoa wakati Mzee Kapya alipofika getini, na karatasi ya lori mkononi.

Hakupiga kelele. Alisimama sebuleni kwake akitazama juu, ambako jua la saa nane lilikuwa linaingia kwa mara ya kwanza tangu nyumba ijengwe. Lilianguka juu ya meza, juu ya vipande vya kijivu, juu ya vumbi. Ukimya wake ulimshinda Kasereka. Angetukanwa, angejua la kufanya. Hakutukanwa, kwa hiyo alitukana yeye.

"Ni nyumba ya kuoza! Ona! Muntu moja tu amepanda, imeanguka! Ulijua! Ulimupatia fundi kuku, nimeona na macho yangu! Na rangi? Rangi ulipaka juu ya kuficha nini?"

Majirani wawili walikuwa wamefika kwenye geti. Précieux alitazama viatu vyake vilivyong'aa.

"Rangi," alisema Kapya. Alivuta kiti, akapangusa vipande, akaketi. "Courant, umeme, ilikuwa inakatika kila siku, muke wangu Bénédicte akapikaka mu nyumba na makala, na moshi ya mukaa. Miaka na miaka. Plafo ikakuwa nyeusi. Bénédicte alishakufa, hawezi tena kujitetea. Sikupenda bageni bakuye, baangalie yulu, baseme: huyu mama alikuwa muchafu. Njo rangi."

Paulin alikuwa anafunga goti lake kwa leso ya Émerance.

"Ya kuku, enda muulize Kunda. Sasa utanilipia eterniti yangu na plafo yangu. Nyumba, weye, sikuuzishie."

"Muzee," alisema Émerance.

"Mama, weye sina neno na weye. Ulijaribu bomba tu."

* * *

Saa kumi jioni hiyohiyo Kasereka alikuwa kwa Kunda, na kwapani amebana kuku, jogoo mkubwa mweupe aliyemnunua sokoni njiani bila kuomba bei ishuke. Mzee alikuwa nyuma ya nyumba yake, kati ya marundo ya vioo, milango na vigae alivyookota katika nyumba zilizobomolewa. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Sasa unataka nini?"

"Utengeneze ile paa. Na umusemeshe Muzee Kapya. Weye ni rafiki yake."

"Rafiki? Ule muntu hajawahi hata kunikaribisha bilauri ya maji." Kunda alipangusa midomo. "Miye ni wa ukoo wa mvua. Yeye ni wa ukoo wa uyoga. Sisi ni banungwe, ni batani tangu babu ya babu. Namutukana, ananitukana, hakuna wa kukasirika. Bibi yake Bénédicte alipokufa, ni miye niliingia mu matanga, nikakaa kwa kiti yake, nikamuambia aache kulia kwa sauti mubaya vile. Bantu bote bakaogopa, yeye akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka mu siku tatu. Na nikiona kuku kwake, naikamata. Njo haki yangu. Akija hapa, ataikamata yangu."

"Na ile maneno ya sanduku?"

"Kweli nitamutengenezea. Lakini ndefu." Akamtazama. "Miaka ngapi mu Lubumbashi?"

"Kumi na moja."

"Miaka kumi na moja, na haujue munungwe ni nini?"

"Niko ku depo," alisema Kasereka.

Ilikuwa kweli, na ilisikika vibaya. Alinyoosha jogoo. "Pokea basi. Juu ya kuomba musamaha."

Kunda hakumgusa. "Ile ya Kapya niliikamata bure. Hii yako ni rushwa."

Jogoo alibaki hewani kati yao, akipepesa jicho.

"Kutengeneza nitatengeneza," Kunda alisema. "Niko na eterniti ya zamani hapa, vigae tatu zinafaa. Utazilipa, na mikono yangu utailipa, mbele. Kapya naweza kumutukana hata siku ya kufa kwake, lakini kumulazimisha akuuzishie, hapana. Utani haufike kule. Na kesho saa sita unapanda na miye. Magoti yangu haiwezi kuwa ndani na inje saa moja."

* * *

Papa wa Kolwezi alikuwepo kweli. Kasereka alimwona Jumamosi, saa tano na nusu, akishuka kwenye gari lenye vumbi jekundu: mwanamume mfupi, mtulivu, mkewe akiwa na bahasha kifuani. Alikuwa amekuwepo wakati wote, na mtoto na kazi na njaa ya nyumba kama mtu yeyote. Précieux alimpita Kasereka getini bila kusema "nilikuambia". Hilo liliuma zaidi.

Walitia sahihi kwenye meza ileile, chini ya shimo. Mkaguzi hawakuita. Kapya aliwaambia kilichotokea kwa paa na kwamba wao hawatalipia kitu, wakakubali. Ilichukua dakika kumi. Émerance alisimama uani muda huo wote. Asubuhi alikuwa amezunguka kuulizia vyumba vya kupanga upande wa pili wa reli. Alikuwa amepata viwili, bila maji. Sasa alikuwa ameombwa ndoo ya maji ya kuoshea vumbi la vipande, na aliijaza kwenye lile bomba, taratibu, mpaka pomoni.

Saa sita Kasereka alivua shati lake jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya hatua ya chini ya ngazi. Alipanda kwa singlendi. Alitambaa, makalio nje, mbele ya muuzaji na mnunuzi na wake wa watu, akaingia darini.

"Fungeni!" Kunda alisema kutoka nje, akiwa amelala tumbo juu ya ubao aliouweka uvuke vigae bila kuvilemea. Madirisha yalifungwa. Milango ikafungwa.

Kasereka alingoja macho yake yazoee. Mbele yake palikuwa na matundu matatu makubwa, pale Kunda alipoondoa vigae vilivyopasuliwa na mguu wa ndugu yake, na kutoka kila tundu jua lilishuka kama nguzo. Alitazama kulia. Giza. Kushoto, mpaka mwisho wa nyumba, giza. Alitafuta katundu, hata ka sindano, kwa bidii ya mtu anayetafuta kusamehewa. Hakuna. Alitia kiganja juu ya boriti. Ilikuwa kavu na laini na nzito, bila alama ya maji, bila njia ya mchwa; ilikuwa imekaa hapo tangu kabla hajazaliwa, ikingoja mtu apande aiguse.

"Shika kulabu!" Kunda aliita. Kigae cha kwanza kiliteleza juu, na nguzo ya kwanza ikazimika. Kasereka alishika kulabu, akakaza nati kwa vidole. Cha pili. Nguzo ya pili ikazimika. Kwa muda aliona uso wa Kunda katika tundu la mwisho, umezungukwa na mbingu, kisha kigae cha tatu kikamfunika.

Giza tupu.

"Kuko fasi jua inaingia?" aliuliza mwanamke kutoka chini. Alikuwa mke wa papa wa Kolwezi, kwenye korido, karibu na ngazi.

Kasereka alingoja Kunda ajibu.

"Jibu weye," ilisema sauti ya mzee juu ya kigae. "Ni weye uko ndani."

Alitema vumbi. "Hapana, mama," alisema. "Hakuna. Iko muzuri. Paa yote iko muzuri."

Kisha alimsikia yule mama akimgeukia mumewe, bila kupunguza sauti.

"Uyu ni nani? Nani alimulipa?"

Kasereka alibaki amepiga magoti, kiganja juu ya boriti, akisubiri mtu amjibie. Kapya alikuwa pale. Précieux alikuwa pale. Uani, Émerance alifunga bomba.